Lenzi ya makro si dawa: kumpiga picha mjusi wa kope kwa kamera ya bei nafuu

Msomaji anaeleza kwamba anafuga mjusi kafiri mwenye kishungi, yule ambaye wafugaji wengine humwita mjusi wa kope, na kwamba anatumia kamera ya zamani ya DSLR yenye lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, pamoja na simu. Picha zake, asema, hutoka kwa namna mbili tu: ama mjusi ana ukungu kana kwamba alikuwa mbioni, ama flashi ya kamera inamfanya ang'ae kama kitu cha plastiki, mboni imebana ikawa kistari, na nyuma yake pamekuwa giza tupu. Rafiki yake amemshauri anunue lenzi ya makro, ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu sana. Anauliza kama hiyo ndiyo dawa, na kama siyo, fedha zake chache azielekeze wapi.

Ndugu msomaji, kabla hujafungua pochi chukua rula. Mjusi wako akiwa mtu mzima ana urefu wa takriban sentimita 20 pamoja na mkia, na kichwa chake ni yapata sentimita 3. Sensa ya kamera kama yako, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 23 hivi, na lenzi yako ikivutwa hadi milimita 55 na kusogezwa karibu kadiri inavyoruhusu, huchora kitu kwenye sensa kwa takriban theluthi moja ya ukubwa wake halisi. Maana yake ni kwamba picha yako inaweza kubeba eneo lenye upana wa sentimita 7, na kichwa cha mjusi kinajaza karibu nusu ya upana huo. Kwa picha ya uso, au ya mjusi mzima aliyejikunja juu ya tawi, hakuna lenzi unayokosa. Unachokosa ni mwanga, na hasa umbo la mwanga. Mwanga mchache huilazimisha kamera kufungua shata, lile pazia la kuingizia mwanga, kwa muda mrefu, na hapo ndipo ukungu unapozaliwa. Mwanga mkali unaotoka mahali padogo ndio unaoleta mng'ao wa plastiki. Ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili.

Inafaa tumwelewe kwanza mnyama mwenyewe, kwa sababu nusu ya maamuzi ya kamera yanatokana naye. Anaitwa kisayansi Correlophus ciliatus, na asili yake ni misitu ya Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Alielezwa na mwanazuolojia Mfaransa Guichenot mwaka 1866, kisha akapotea machoni mwa wanasayansi kiasi cha kudhaniwa kwamba ametoweka duniani, hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Ni mnyama wa usiku na wa hali ya hewa ya wastani. Joto likipita nyuzi 28 za Selsiasi huanza kutaabika, na kwa hiyo taa za halojeni na balbu za kuchoma, ambazo ni rahisi kupatikana na hushawishi sana kuzitumia kama taa za studio, zisikaribie kabisa kizimba chake. Mchana hulala amejibanza jani au gome, rangi zake zimefifia. Usiku huamka na rangi hukolea. Chungwa, nyekundu na kahawia uliyoiona kwenye picha za wengine ukadhani ni kazi ya kompyuta, mara nyingi ni saa tu ambayo mpiga picha aliichagua. Ukimpiga saa nane mchana na ukimpiga saa tatu usiku, utadhani una mijusi wawili.

Na kuna jicho. Licha ya jina lake, mjusi wa kope hana kope za kufumba. Kilicho juu ya jicho ni safu ya vijimwiba laini, na jicho lenyewe limefunikwa na ngozi angavu ambayo huisafisha kwa kuilamba. Mboni yake ni ya kusimama wima, na kingo zake zina vipindo vidogo. Kwenye mwanga mwingi hubana hadi ikawa uzi. Kwenye giza hufunguka ikawa karibu duara. Jicho la jamii hii ni makini kupita kiasi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 kuhusu jamaa yake, Tarentola chazaliae, yalionyesha kwamba anaweza kutofautisha rangi katika mwanga hafifu kama wa mbalamwezi, mahali ambapo sisi tunaona weusi na weupe tu, na uwezo wake huo ulikadiriwa kuwa mara 350 ya ule wa binadamu. Kwa hiyo ukimwashia tochi ili kamera ipate kufokasi, mboni inabana mbele yako, na ndicho kile kistari unachokilalamikia. Si flashi iliyokibana. Mmweko wa flashi ni mfupi mno, umekwisha kabla misuli ya jicho haijapata habari. Kinachobana mboni ni taa ya chumba, tochi ya simu, au zile mmweko za mfululizo ambazo baadhi ya kamera hutoa ili kusaidia fokasi gizani, na hizi za mwisho zizime kwenye menyu leo hii.

Tuje kwenye flashi yenyewe, maana hapa ndipo ningeweka fedha. Ile iliyojengwa juu ya kamera ina matatizo mawili ambayo hayatibiki. Kwanza, kwa umbali mdogo lenzi huizuia, na kivuli cha nusu duara huangukia sehemu ya chini ya picha. Pili, dirisha lake lina upana wa vidole viwili, na kwa mjusi aliye mbali kiasi cha mkono hicho ni kitone tu cha mwanga. Ngozi ya mnyama huyu imejaa vijigamba vidogo kama chenga za mchanga, na kila kimoja hukirudisha kitone hicho kama kioo kidogo. Ukiwa umenyunyiza maji kizimbani muda mfupi kabla, vioo hivyo vinakuwa maelfu. Dawa si kupunguza nguvu ya flashi, kwa sababu kitone dhaifu bado ni kitone. Dawa ni kuukuza mwanga kwa ukubwa, hadi mnyama auone kama dirisha au kama pengo la majani lililo juu ya kichwa chake.

Tafuta flashi ya mtumba inayorekebishwa kwa mkono, isiyo na ufundi wowote wa kujipimia mwanga, na waya wa kuitenganisha na kamera au kile kifaa kidogo cha redio cha kuiwashia mbali. Haihitaji kuwa ya kampuni iliyotengeneza kamera yako. Tahadhari ni moja tu, lakini usiipuuze: baadhi ya flashi za enzi ya filamu hupitisha zaidi ya volti 200 kwenye kiungo chake, na kamera za kidijitali zimejengwa kwa kiwango cha chini sana kuliko hicho, kwa hiyo flashi ya zamani usiyoijua ipimwe kwanza kwa mita, au iunganishwe kwa redio ili isigusane na kamera moja kwa moja.

Kisha jenga kisambaza mwanga. Changu, ambacho nimekitumia kwa miaka na ambacho wageni hukicheka mpaka waone picha, ni boksi la karatasi ngumu lililokuwa la viatu vya mtoto. Ndani nimelibandika karatasi ya alumini, upande wa nyuma nimekata tundu la kuingiza kichwa cha flashi, na mdomo wake nimeufunika kwa tabaka mbili za karatasi ya kuokea mikate. Tabaka moja haitoshi. Ukilitazama boksi wakati wa mmweko, au ukiangalia alama yake iliyojichora kwenye jicho la mjusi, utaona katikati pamewaka zaidi kuliko pembeni, na tabaka ya pili, ikiachwa nafasi ya kidole kimoja kutoka ile ya kwanza, hulisawazisha. Mdomo wa boksi una sentimita 25 kwa 15, na ninauweka juu ya mjusi, mbele kidogo ya pua yake, kwa umbali wa sentimita 15 hivi. Kwa umbali huo boksi ni kubwa kuliko kichwa chake mara nane. Chini ya kidevu, nje kidogo ya picha, ninalaza kipande cha karatasi nyeupe ili kivuli cha taya kisiwe kizito. Ukibadilisha chochote, angalia jicho: nuru iliyoakisiwa humo inakuambia mwanga wako una umbo gani na umekaa wapi, na ningependa iwe moja, upande wa juu, isiyofunika mboni.

Mipangilio ya kamera baada ya hapo ni rahisi na haibadiliki sana. Weka kamera kwenye hali ya manuali, ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 200, kasi ya shata 1/160 ya sekunde, tundu la lenzi f/11 (namba ikikua, tundu huwa dogo), na flashi kwenye nguvu ya moja ya nane au moja ya kumi na sita. Washa taa hafifu tu ya chumba, iwe nyuma yako, kiasi cha kuweza kuona unachofanya. Piga picha ya kwanza ukiwa umezima flashi. Inapaswa kutoka nyeusi kabisa, na isipotoka nyeusi basi taa ya chumba bado inachangia na italeta ukungu. Ikishakuwa nyeusi, washa flashi. Kuanzia hapo kinachosimamisha mwendo si shata, ni mmweko wenyewe, ambao katika nguvu ndogo kama hiyo mara nyingi ni mfupi kuliko 1/4000 ya sekunde. Mkono wako unaweza kutetemeka na mjusi anaweza kugeuza shingo, na bado kila kigamba kitasimama mahali pake. Hiyo ndiyo sababu ninasema ukungu wako hautaondolewa na lenzi ghali. Faida nyingine ni kwamba flashi isiyotumia nguvu yake yote hujijaza upya mara moja, na unaweza kupiga mfululizo wa picha tatu au nne bila kusubiri.

Kuhusu ukungu wa aina ya pili, ule wa fokasi, hesabu haina huruma. Kwa ukuzaji wa theluthi moja niliouelezea, kina kilicho wazi kwenye picha ni karibu milimita 4 ukitumia f/8, na kidogo zaidi ya 5 ukitumia f/11. Kichwa cha mjusi wako, kutoka ncha ya pua hadi nyuma ya jicho, ni kirefu kuliko hapo mara kadhaa. Utashawishika kuifunga lenzi hadi f/22, lakini karibu hivi mwanga unapindika kwenye tundu dogo na picha nzima inalainika. F/16 ni mpaka ambao mimi siuvuki, na f/11 ndipo ninapokaa. Badala ya kupigana na hesabu hiyo, ipange upande wako. Mpige akiwa amekaa ubavu, sensa ikiwa sambamba na mwili wake, na milimita 5 zitatosha kubeba jicho, vijimwiba vya kishungi na pembe ya mdomo kwa pamoja. Akikutazama moja kwa moja, chagua jicho lililo karibu nawe na usijali mengine. Zima fokasi ya kamera, weka lenzi mahali pamoja, kisha yumbisha mwili wako wote mbele na nyuma taratibu mno, ukibonyeza pale vijimwiba vya juu ya jicho vinapokata. Ni ujuzi wa jioni mbili. Picha nyingi zitaharibika, na hata sisi wa kazi hii huharibu nyingi.

Giza tupu lililo nyuma lina maelezo mafupi. Nguvu ya mwanga hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: kama boksi lako liko sentimita 15 kutoka kwa mjusi na ukuta uko sentimita 60 kutoka kwenye boksi hilo hilo, ukuta unapata moja ya kumi na sita tu ya mwanga alioupata mjusi. Weka jani pana au kipande cha gome sentimita 10 nyuma yake na giza litageuka kuwa kijani kibichi kilichofifia. Wako wanaopenda weusi huo. Mimi nauona unafaa kwa mjusi mmoja mweupe, na unachosha kwa wengine wote.

Ikiwa kwa sasa huna uwezo wa kununua hata flashi, usikate tamaa, kwani mnyama mwenyewe amekupa nafasi ambayo wapiga picha wa mijusi wa mchana wangeitamani. Analala mchana kutwa bila kutikisika. Sogeza kizimba, au tawi alilolalia kama linatoka kwa urahisi, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, weka ISO 100, f/11, na uache shata ichukue nusu sekunde ikihitaji, ukitumia kipima saa cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Unaweza hata kupiga picha nane ukisogeza fokasi nukta kwa nukta kutoka puani hadi begani, kisha ukaziunganisha kwa programu ya bure ya kompyuta, na kupata kina ambacho hakuna lenzi inayoweza kukitoa kwa picha moja. Utakachokosa ni rangi zilizokolea na mboni iliyofunguka. Lakini kwa ngozi, kwa mistari ya kidevu, kwa vidole vilivyokunjwa chini ya kifua, picha nzuri kabisa nilizonazo za mnyama huyu ni za mchana na hazikutumia flashi.

Simu nayo isidharauliwe, ila ina mtego mmoja. Hali ya picha za watu, ile inayofifisha mandhari ya nyuma kwa hesabu za programu, imefundishwa kutambua nywele na mabega. Ikikutana na vijimwiba vya kishungi huvikata au huvichanganya na mandhari, na mjusi anatoka amenyolewa. Izime. Tumia kamera kuu ya simu, si ile ya pembe pana, kwa sababu ukimkaribia mno kwa pembe pana pua inavimba na macho yanarudi nyuma. Rudi nyuma kidogo, kisha ukate picha baadaye. Vile vilenzi vya kubana mbele ya simu vinafanya kazi, na umbali wa kufanyia kazi unajulikana mapema: kilenzi cha dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 10 kinataka umbali wa sentimita 10, cha dayopta 20 sentimita 5, na katika sentimita 5 hakuna mjusi atakayekuvumilia wala mwanga utakaopata njia ya kupita. Chukua kile dhaifu. Na kama unatumia taa za LED pamoja na simu, ukaona mistari ya giza ikipita picha nzima, tatizo ni kumetameta kwa taa kunakofuata mkondo wa umeme. Weka shata kwenye 1/50 au 1/100 penye umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 penye hezi 60.

Kupitia kioo cha kizimba inawezekana, ingawa ni njia ya pili. Futa madoa ya maji uliyonyunyiza, zima taa ya chumba, na uubane mdomo wa lenzi kwenye kioo kwa kikinga cha mpira au kwa kitambaa cheusi, huku boksi la flashi likiwa juu ya wavu wa kizimba likimulika kuelekea chini. Vichujio vya kuondoa mng'ao watu huvisifu sana kwa kazi hii. Vinafaa, lakini nguvu yake kamili huja ukiwa umekaa kwa mshazari mkubwa, ambapo kioo chenyewe huanza kuipotosha sura. Kwa hiyo sikushauri uvinunue.

Sasa neno kuhusu mkono. Zamani, nikiwa nyumbani kwa mfugaji aliyeniamini, niliona mjusi ameelekea upande usio na mwanga, nikamshika taratibu karibu na shina la mkia ili nimgeuze. Nilichobaki nacho ni mkia ukifurukuta juu ya gome, na mjusi ameshafika kwenye pazia. Mijusi wengi huota mkia mwingine, huyu haoti. Picha zake zote za baadaye zinabeba kosa langu. Tangu siku hiyo simgeuzi mnyama, ninaligeuza tawi, na ikibidi aondoke mahali ninaweka kiganja mbele yake na kumgusa kwa wepesi chini ya kidevu, naye hupanda mwenyewe. Panga kila kitu kabla hajatoka: jaribu mwanga na fokasi kwa kutumia ndizi au kidude cha ukubwa wake, hadi picha ya ndizi itoke sawasawa. Mjusi akishafika, kaa naye dakika 10, si zaidi ya 15. Akianza kurukaruka ovyo, akiachama, akitoa mlio wa kukwaruza au akiupindapinda mkia, mrudishe, hata kama picha bado. Wiki ambayo ngozi yake imepauka kwa kukaribia kujivua mwache kabisa. Na osha mikono kabla na baada, pamoja na kamera iliyoguswa, kwa sababu reptilia wenye afya njema wanaweza kubeba bakteria wa salmonela.

Ile picha ambayo kila mfugaji huitaka, ya ulimi ukilamba jicho, haipatikani kwa kukimbizana. Baada ya kumnyunyizia ukungu mwepesi wa maji, matone hukaa juu ya macho, na kwa kuwa hawezi kupepesa, ulimi mpana wa waridi hutoka kuyaondoa. Kabla ulimi haujatoka mara nyingi utaona kidevu kikishuka kidogo. Uwe umeshafokasi kwenye jicho, umeiacha nafasi ya kutosha juu ya kichwa, na kidole kiwe kimeshabonyeza nusu; ukingoja kuuona ulimi, picha yako itakuwa ya mdomo uliofungwa. Kumbuka tu kupunguza maji, maana kila tone ni kioo kipya cha kuakisi boksi lako.

Piga kwa faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata) kama kamera yako inaruhusu, na mwanzoni mwa kila kipindi piga karatasi nyeupe isiyong'aa katika mwanga ule ule, ili baadaye uitumie kurekebisha mizani ya weupe. Taa ya manjano ya chumba ikichanganyika na flashi, mjusi wa kahawia hugeuka mwekundu, na soko la wanyama hawa limejaa wekundu wa namna hiyo. Ukimpiga mjusi mwenye rangi ya krimu, washa kwenye kamera onyo la sehemu zilizoungua, kwa sababu paji lake huungua kabla hujagundua kwenye skrini ndogo.

Fedha zikibaki baada ya flashi, hapo ndipo tunaweza kuzungumzia ukuzaji, na bado si kwa lenzi ya makro. Ringi za kurefusha lenzi ni mirija mitupu isiyo na kioo ndani, inayokaa kati ya kamera na lenzi, na hesabu yake ni nyepesi: urefu wa ringi ugawe kwa urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake. Ringi ya milimita 25 nyuma ya lenzi ya milimita 50 inaongeza ukuzaji wa nusu ya ukubwa halisi. Nunua zile zenye viunganishi vya umeme, la sivyo kamera haitaweza kulifunga tundu la lenzi; au tafuta lenzi ya zamani ya manuali ya milimita 50 inayozungushwa tundu kwa mkono, ambayo itakwenda vizuri na ringi za bei ya chini kabisa. Gharama yake italipwa kwa mwanga, kidogo zaidi ya stopu moja (yaani zaidi ya nusu ya mwanga) kwa ukuzaji huo, na kwa kina, ambacho kwa f/8 kinashuka hadi milimita 2.

Utakapokuwa na ringi hizo, msubiri usiku atembee juu ya kioo, nawe uwe upande wa pili. Nyayo zake zitafunuka mbele yako, kila kidole kikiwa kimepanuka na kupangwa mikunjo kama kurasa, na ncha ya mkia wake nayo ina kitako kidogo cha kunatia kinachofanana na hivyo. Mikunjo utaipata yote. Vinyweleo vinavyomshikilia hutavipata: kwa jamaa yake aitwaye tokay vimekadiriwa kuwa karibu nusu milioni kwa kila mguu, na unene wa kimoja ni mikromita 5 hivi, ambayo kwa ukuzaji wa nusu inakuwa mikromita 2.5 kwenye sensa, ilhali pikseli moja ya kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ya ukubwa kama wa yako ina takriban mikromita 4. Hata lenzi ya makro ya rafiki yako haiwezi kuvionyesha vizuri.